Kuvaa kizamani Mombasa bila kuyeyuka

Kwanza tuelewane kuhusu joto. Yale mavazi ya kizamani yanayosambaa kwenye simu, sketi pana iliyojazwa mashimizi, soksi ndefu, glavu, kofia yenye manyoya, yalishonewa watu waliokuwa wakisubiri basi kwenye baridi ya London. Ukiyavaa jinsi yalivyo ukapanda matatu ya Bamburi saa saba mchana, mwezi wa Februari, upepo umekatika na dirisha la kando yako halifunguki, utashuka mjini umeloa chapachapa na wanja umefika shavuni.

Mimi huvaa kizamani siku nyingi za kazi. Niko ofisi ya klearingi upande wa Kilindini, mahali pa makaratasi na madereva wa trela, wala si jukwaa la mitindo. Wenzangu wameshanizoea. Mlinzi wa getini huniita Mama wa Sitini, akimaanisha miaka ya sitini, natumai, si umri wangu.

Ninachofanya ni kuchukua mshono wa zamani na kuupa kitambaa kinachoistahimili Mombasa. Umri wa nguo yenyewe haunishughulishi sana. Gauni lililoshonwa mwezi uliopita kwa poplini ya dukani, lenye kola ya duara na kiuno kilichokaa pale mbavu zinapoishia, lina uzamani zaidi kuliko fulana iliyochakaa ya mwaka 1985.

Anza na kopo la picha

Kabla hujanunua chochote, tafuta picha za kwenu. Nyumba nyingi hapa zina kopo la biskuti au bahasha ya kaki juu ya kabati, na ndani yake mna bibi, shangazi na maami wakiwa vijana. Picha za miaka ya 1950 hadi 1970 nyingi zilipigwa studio, na mtu hakwenda studio na nguo ya kufulia. Mombasa ilikuwa na wapiga picha hodari, N. V. Parekh akiwa mmoja wao, na ukizitazama picha zake utaona watu wa mji huu walivyotaka kuonekana: bega limenyooka, nguo imepigwa pasi, kiatu kinang'aa, mkono umewekwa juu ya meza ili saa ionekane.

Usitazame maua ya kitambaa. Tazama nguo ilivyokaa mwilini. Mshono wa bega unaishia kwenye mfupa, au umeteremka kwenye mkono? Kiuno kiko juu ya kitovu? Upindo umegusa goti au umelipita? Zipu iko mgongoni au ubavuni? Chora kwenye karatasi, hata kama mchoro wako ni wa kuchekesha, maana fundi anauelewa mstari kuliko maneno mengi. Mimi huipiga picha ile picha kwa simu, kisha naikuza sehemu ya kola na sehemu ya mkono peke yake. Hapo ndipo mshono unapojitoa.

Ukitaka kujua ni ya lini, igeuze nyuma utafute muhuri wa studio. Ikiwa haina, tazama kilicho nyuma ya mtu. Ninayo picha ya shangazi yangu amesimama kando ya daraja la zamani la Nyali, lile la kuelea. Daraja tulilo nalo lilifunguliwa 1980, kwa hiyo gauni lile ni la kabla ya hapo, na miguuni amevaa raizoni zenye soli nene ya kutisha, ambazo ni za miaka ya sabini. Tayari nimeshapata muongo wake bila kumsumbua mtu.

Lakini msumbue mtu vilevile. Muulize aliye hai, kwa sababu picha nyeusi na nyeupe haisemi rangi wala haisemi jasho. Shangazi nilipomuuliza kuhusu lile gauni, ambalo mimi nilikuwa nishalitamani, alicheka. "Hiyo ilikuwa krimplini, mwanangu. Haitaki pasi, haitaki chochote, ila ukiivaa mchana waungua mzimamzima. Tulivumilia kwa sababu kila mtu alikuwa nayo." Kwa hiyo mshono wa shangazi nimeuchukua, krimplini nimemwachia.

Kitambaa: kiberiti na uzi mmoja

Mengi ya miaka ya sitini na sabini yalishonwa kwa poliesta na nailoni, kwa sababu zilikuwa mpya na zilikuwa fahari. Tetroni, krimplini, nailoni. Vitambaa hivi havinyonyi jasho. Linabaki kati ya ngozi na nguo, na harufu inanasa humo hata baada ya kufua. Kwa Mombasa tafuta pamba, kitani, rayoni, melimeli, na leso na kikoi, ambavyo vimeshafaulu mtihani wa hapa kabla yetu sote.

Namna ya kupima: vuta uzi mmoja kutoka mshono wa ndani, ushike kwa kibanio, uuwashe juu ya sinki. Pamba, kitani na rayoni huungua upesi na kunuka karatasi, majivu yake ni laini, ukiyagusa yanapeperuka. Poliesta huyeyuka na kuacha kishanga kigumu cheusi. Hariri na sufu hunuka nywele zilizoungua. Kitambaa cha mchanganyiko hufanya vyote viwili: kinaungua, na bado unapata kishanga.

Sokoni huwezi kuwasha kiberiti juu ya bidhaa ya mtu. Kule fumbata pindo la nguo kwenye ngumi, hesabu mpaka kumi, ufungue. Ikijikunjakunja, kuna pamba au kitani. Ikirudi kama haikuguswa, ni poliesta, na hata iwe nzuri namna gani ivalie arusi ya usiku yenye feni.

Kongowea

Kwa mitumba, mimi ni mtu wa Kongowea. Soko liko ng'ambo ya daraja, na ukiingia bila mpango litakumaliza: kelele, jua, vumbi, na mtu anakuvuta mkono akikupigia "ya mia, ya mia, mama chagua!" Tafuta wauzaji wawili au watatu wa magauni na mablauzi, uchukue namba zao, waambie unachotafuta. Wakifungua robota watakupigia. Usiwaambie neno vintage, watapandisha bei. Waambie, "Nataka zile za kibibi."

Nguo za kamera, zile za daraja la kwanza zinazotoka juu ya robota, huwahiwa na wenye maduka. Usihuzunike. Mwenye duka anatafuta nguo ya sasa, na gauni la marinda lenye kola pana analitupa pembeni kwa sababu halitapata mnunuzi Instagram. Ndiyo maana vitu vyangu vizuri nimevitoa kwenye rundo la fagia, kule kunakouzwa kwa bei ya soda. Itakubidi uiname, na uende asubuhi, kabla jua halijashika mabati.

Utajuaje ni ya zamani kweli? Geuza nje ndani. Zipu ya chuma kwenye gauni, hasa ikiwa ubavuni, ni ishara nzuri. Zipu za nailoni zilienea kuanzia miaka ya 1960. (Suruali za jinzi usizihesabu, zile mpaka leo ni chuma.) Lebo inayosema imetengenezwa Ujerumani Magharibi ni ya kabla ya 1990. Lebo ya St Michael ni ya Marks & Spencer wa Uingereza, na jina hilo waliliacha mwaka 2000. Marekani ilianza kulazimisha maelezo ya ufuaji ndani ya nguo mwaka 1972, kwa hiyo gauni la kule lisilo na maelezo hayo huenda ni la kabla ya hapo, au mwenyewe aliyakata kwa kuwa yalimwasha. Gauni lisilo na lebo yoyote, mshono wa ndani umeshonwa kwa utulivu, pindo limepigwa kwa mkono, lilishonwa nyumbani na mtu aliyejua kazi. Hilo nalichukua bila kuuliza mengi.

Namba ya saizi ipuuze. Kumi na nne ya mwaka 1965 ni ndogo kuliko kumi na nne ya leo, na wala si wewe uliyenenepa. Beba utepe wa kupimia kwenye mkoba, andika vipimo vyako vya kifua, kiuno, nyonga na upana wa mgongo kwenye simu, pima nguo ikiwa imelala. Kiuno kikizidi, fundi atapunguza. Urefu ukizidi, atakata. Upana wa mgongo ukipungua, rudisha nguo kwenye rundo, hapo hakuna dawa ya bei nafuu.

Kagua kwapa kabla ya kitu chochote. Jasho la zamani huila pamba polepole. Kitambaa kinaonekana kizima, ukikivuta kidogo kinachanika. Inyanyue nguo kwenye mwanga utazame kwapani. Nusa. Madoa meusi madogo madogo ni kuvu, na kwa unyevu wetu huu yatarudi. Lastiki iliyokufa si tatizo, inabadilishwa kwa dakika chache.

Viatu ni habari nyingine, na hapa naomba unisikilize. Soli za poliyurethani, zile nyepesi kama sponji, huoza zikikaa miaka mingi, na unyevu huziozesha upesi zaidi. Kwa macho ziko sawa. Unavaa, unavuka barabara ya Digo, kisigino kinabaki katikati ya barabara. Bonyeza soli kwa ukucha wa dole gumba: ikinata, au ikimumunyuka, iache. Soli ya ngozi au ya mpira mgumu ndiyo ya kununua. Mkoba wa ngozi bandia ukianza kuchubuka kwenye mkunjo haurudi, usidanganywe na kiwi.

Kwa fundi

Nguo ya mitumba ni nusu ya kazi. Nusu ya pili iko kwa fundi, na fundi wa nguo hizi si yule wa kuweka zipu za jinzi stendi. Tafuta mzee aliyezoea kushona kanzu na magauni ya arusi. Wangu ana kibaraza Mji wa Kale, kichochoro kimoja kutoka Ndia Kuu, na cherehani ya kukanyaga iliyoanza kazi kabla sijazaliwa.

Nilimpelekea gauni la pamba la mistari myembamba, zipu ya chuma ubavuni, zuri sana, ila kwapa lilikuwa likinikaba. Hakunitazama mimi, alilitazama gauni. Akaligeuza nje ndani, akapitisha dole gumba kwenye mshono wa ubavu mpaka chini.

"Huyu aliyeshona alikuwa na akili," akasema. "Kaacha ziada ya kidole kizima kila upande. Ubavu naufumua. Lakini kwapa silikati, nalitia kikwapa."

"Kikwapa cha kanzu, Ami?"

"Kwani mkono wa kwenye kanzu na wa kwenye gauni si mkono mmoja?"

Akafumua pindo, ambalo lilikuwa refu kwa namna ya nguo za wakati ule, akakata humo vipande viwili vidogo vya pembe nne, kitambaa kile kile, mistari ile ile. Akavipiga bandi kwanza, akanivisha juu ya blauzi yangu, akanisimamisha. "Nyanyua mkono. Zaidi. Haya, jifanye washika bomba la matatu." Nikashika hewa. Kiuno hakikupanda. Ndipo akaketi kwenye cherehani.

Nimekisimulia hiki kikwapa kwa sababu ndicho kinachookoa nguo nyingi za kizamani kwa miili yetu. Zile nguo hubana kwapani ili mkono ukae nadhifu, na hiyo ni sawa kwa mtu aliyekaa sebuleni. Wewe utapanda tuktuk. Mwombe fundi wako kikwapa, chenye pembe nne, kikatwe mshazari ili kivutike, na kitambaa kitoke kwenye pindo au ndani ya mfuko.

Ukienda kujaribishwa, nenda na sidiria na shimizi utakazovalia gauni hilo, na kiatu chake. Kaa kwenye kiti, usisimame tu mbele ya kioo, kwa maana kiuno kilichokuwa kizuri ukisimama hukukata tumbo ukikaa. Ukiwa na gauni moja linalokukaa sawasawa, mwachie alinakili bila kulifumua. Na kama mshono ni mgumu, mnunulie marekani, ile pamba ghafi ya bei ya chini, akate ya majaribio kwanza. Atalalamika kwamba unampotezea wakati. Mlipe wakati wake.

Leso

Kwa nguo ya kushona upya, kitambaa changu cha kwanza ni leso, na pa kwenda ni Mtaa wa Biashara. Mali ya Abdulla wako hapo, biashara ya ukoo tangu 1887, na maduka mengine yamejipanga pande zote mbili. Doti moja, yaani leso mbili, hutoa gauni la kufika chini ya goti lenye mikono mifupi, kwa mtu wa mwili wa kati.

Ifue kwanza. Leso mpya ina wanga na rangi isiyotulia. Iroweke peke yake kwenye maji baridi, ianike kivulini, uipige pasi, ndipo ikatwe, la sivyo gauni litapungua baada ya kushonwa. Kisha kaa na fundi mpange. Pindo la upande mrefu liende chini ya sketi, mji, yaani sehemu ya katikati, uende kifuani, vipande vya pindo la upande mfupi viwe mikono au mkanda. Na jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa kwenye leso, mwambie mapema likae wapi. Fundi asiyeambiwa hufuata kitambaa kinavyotaka, na utajikuta unatembea mjini na methali makalioni, kila anayekufuata nyuma anaisoma. Mimi jina hulificha ndani ya mkunjo wa sketi, ubavuni; nikitembea linachungulia kidogo.

Mshono unaopendeza zaidi kwa leso, kwa maoni yangu, ni ule wa mwisho wa miaka ya 1950: kifua kimebana kiasi, kiuno kina mkanda, sketi ina marinda. Mshono wa kukata mshazari usiufanye kwa leso. Maua yanapinda, pindo linapotea, na kitambaa kingi kinaishia kwenye kapu la fundi.

Ukivaa buibui

Wengi wananiuliza hili: mtu anayevaa buibui au abaya atavaaje kizamani? Bibi zetu walivaa buibui la kamba na bado walikuwa na mtindo wao, ulioonekana kwenye vitu vichache. Kiatu. Mkoba mgumu wa mkono mfupi. Saa ndogo ya mkanda mwembamba. Mkono wa gauni unaochungulia chini ya buibui unapolipa nauli. Mtandio wa melimeli badala ya ule wa poliesta unaoteleza. Na harufu, ambayo hata ninja, ile nikabu ya kufunika uso, haiizuii. Chagua kimoja au viwili ukivijali sana kila siku, watu watakujua kwavyo.

Wasiovaa buibui nao nawapa kanuni hiyo hiyo kwa ofisini: kitu kimoja cha zamani kiongoze, vingine vinyamaze. Gauni la mistari, basi nywele za kawaida na ndara za ngozi. Ukivaa vyote pamoja, gauni, kilemba, miwani ya pembe, mdomo mwekundu na glavu, utaulizwa mchezo wenu unaanza saa ngapi.

Uso, nywele na harufu

Mstari wa wanja uliopinda juu kidogo pembeni ya jicho unatosha kukupeleka miaka ya sitini. Ili ukae, paka poda kavu kidogo juu ya kope kabla ya wanja, na mafuta ya Vaseline yasifike karibu na jicho siku hiyo. Nunua wanja wenye lebo inayoeleza kilichomo. Wanja wa jiwe unaouzwa kwenye karatasi bila maelezo unaweza kuwa na risasi, na watoto wachanga ndio wanaodhurika zaidi, kwa hiyo usiupake mtoto hata kama wewe ulipakwa.

Rangi ya mdomo: nyekundu ya zamani ilikuwa kavu, haikung'aa. Paka, weka karatasi ya tishu juu ya midomo, pitisha brashi ya poda juu ya tishu, ondoa, paka tena. Utakunywa mahamri na chai na bado ipo.

Nywele za rola, mawimbi yale ya kwenye picha, Mombasa hazidumu kufika saa nne asubuhi. Unyevu unazirudisha zilikotoka. Mtindo unaodumu ni ule uliofungwa: njia katikati, mikia miwili iliyosukwa na kuzungushwa kichwani ikashikwa kwa pini, au afuro iliyochambuliwa vizuri kwa kitana na kufungwa kitambaa cha leso mbele. Mafuta ya nazi kidogo kwenye ncha, usiku, si asubuhi.

Hina ya kweli ni ya majani, hutoa rangi ya chungwa hadi kahawia, huachwa kwa saa kadhaa, na hukolea zaidi kesho yake. Nyeusi ile ya dakika ishirini ni piko, na piko nyingi ni rangi ya nywele yenye kemikali iitwayo PPD. Inaweza kukuvimbisha malengelenge, na mwili ukishaikataa mara moja huikataa maisha. Wala usirudie krimu za kung'arisha ngozi za enzi zile, au ndugu zake wanaouzwa kichochoroni leo bila sanduku. Nyingine zina zebaki, na zebaki inaharibu figo. Liwa inatosha. Sugua kijiti cha liwa juu ya msio, lile jiwe la kusagia, kwa marashi ya waridi kidogo mpaka upate uji mwepesi, paka usoni jioni, iache ikauke ukifanya kazi zako, osha. Ngozi inapoa, na nyumba nzima inajua.

Harufu ndipo Mombasa inapowashinda wa London wote. Asumini huokotwa jioni ikiwa bado imefumba. Ikifunguka usiku iko kwako tayari. Tunga kwenye uzi uzungushe kwenye nywele, au nunua kikuba, asumini na mrehani vilivyofungwa pamoja, ukibanike kwa pini upande wa ndani wa shingo ya gauni, mbali na jua. Kwa nguo, fukiza udi. Weka chetezo chini, makaa yawe yameshika majivu juu, kipande kidogo cha udi, funika kwa tenga lililopinduliwa, tandaza gauni juu yake kwa muda mfupi. Pamba na hariri hushika harufu siku kadhaa. Poliesta usiithubutu juu ya chetezo. Cheche moja tu na umepata tundu.

Kuhifadhi

Adui ni unyevu, si panya. Usifungie nguo kwenye mfuko wa plastiki, zitaota kuvu. Tumia mfuko wa pamba, hata foronya kuukuu, uache nafasi kati ya nguo na ukuta wa kabati, ukuta wa matumbawe hasa, maana unapumua maji. Mara moja kwa wiki fungua milango ya kabati upepo upite. Karafuu kwenye kitambaa kidogo huleta harufu nzuri. Nondo zikiwa nyingi tumia naftalini, lakini isiguse nguo, na zianike kabla ya kuvaa. Ikiwa umekwenda ufukweni na gauni, lisuuze kwa maji baridi siku hiyo hiyo kabla chumvi haijakauka kwenye zipu ya chuma. Zipu ikiwa ngumu, isugue kwa kipande cha mshumaa.

Wanaume sina mengi ya kuwaambia, kwa sababu wao wameachiwa urithi mzima na hawajui. Kanzu iliyokatwa vizuri, yenye taharizi ya ubavuni inayoanguka wima, koti la rangi ya kijivu juu yake, kofia ya mkono na makubadhi ya ngozi: hakuna cha kuongeza. Siku za kazi, shati la mikono mifupi la poplini lililochomekwa, suruali ya kiuno cha juu yenye mikunjo miwili mbele. Mpelekee fundi suruali ya babu yako, aipime.

Jambo la mwisho ni kalenda. Ukitaka kushonewa nguo ya Idi, mfikishie fundi kitambaa mwezi wa Shaabani, kikiwa kimefuliwa na kimepigwa pasi, pamoja na mchoro na vipimo, ulipe nusu, na umwambie unaihitaji wiki moja kabla ya siku yenyewe. Likiingia kumi la mwisho la Ramadhani, wangu hapokei hata kifungo. Huinua tu mkono, sindano mdomoni, akakuonyesha rundo la kanzu lililomfika kifuani.